Geti Lililolala

Fundi alikuwa amefika katikati ya kuosha wavu alipoliona fundo.

Wavu ulikuwa umetundikwa kwenye kulabu za paa la karakana, mdomo wake juu, mkia wake umejikunja sakafuni kama soksi ya jitu. Wifi yake alikuwa ameshika mpira wa maji upande mmoja, na yeye upande wa pili akipitisha vidole kwenye macho ya wavu, akichomoa majani ya bahari na vipande vya magamba ya kaa. Kila meli iliporudi walianza hivyo. Kuosha kwanza, kushona baadaye. Wavu mchafu hauoneshi ulipochanika, na Fundi hakuwa mtu wa kushona kwa kukisia.

Karibu na mkia ndipo lilipokuwa geti. Watu wa nyavu waliliita hivyo kwa kukosa jina jepesi zaidi: fremu ya chuma yenye nondo zilizopangwa wima, imeshonewa ndani ya wavu ikiwa imeegemea nyuma kidogo. Wavu unapokokotwa, kambamiti wanapenya kati ya nondo na kwenda kukusanyika mkiani. Kasa hapenyi. Yeye anateleza juu ya nondo mpaka kwenye tundu lililokatwa mgongoni mwa wavu, anasukuma pazia la nyuzi linalolifunika, anakwenda zake. Akikosa kutoka anakufa, wala si kwa jeraha. Kasa anapumua hewa. Ukimkokota saa nyingi chini ya maji, atazama kama mtu.

Sheria ilikuwa imeagiza kila meli ya kambamiti iwe na geti. Mageti yote ya meli za Tajiri aliyashona Fundi.

Na pazia la geti hili lilikuwa limefungwa. Uzi mwembamba wa kijani ulikuwa umepitishwa ukingoni mwake, jicho kwa jicho, ukavutwa hadi nyuzi zikashikamana, kisha ukapigwa fundo pembeni.

"Wifi, funga maji."

"Kuna nini?"

"Funga tu."

Maji yakakatika. Fundi akajifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani. Kati ya nondo mbili za juu, chini kidogo ya pazia, palikuwa pamekwama kipande cha gamba, cha kahawia chenye michirizi ya manjano, upana wake kama kiganja. Alikichomoa polepole, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha penye mkasi na mafungu ya nyuzi. Kisha akarudi kwenye fundo.

Lilikuwa fundo dogo, safi. Mkia wake ulikuwa umezungushwa na kufichwa chini ya tumbo la fundo lenyewe ili usinase samaki wala kidole. Pale bandarini hakuna ukoo mwingine uliofunga hivyo. Marehemu baba yake Fundi alichekwa na wenzake, wakisema mzee yule akifunga fundo moja wao wameshafunga matano na chai wameshakunywa. Mzee alicheka nao, akaendelea kuficha mikia. Aliwafundisha watoto wake wawili. Mmoja ni Fundi.

Wifi alisogea, akatazama. Alikuwa ameolewa katika ukoo ule miaka ya kutosha.

"Labda ni mabaharia," alisema.

"Labda."

"Wale vijana wanaiga kila kitu."

"Labda," akasema Fundi. "Mpigie mumeo. Mwambie aje auone wavu wake."

"Nimwambie umekasirika?"

"Umeniona nimekasirika?"

Wifi akamwangalia. "Hapo ndipo shida ilipo. Wewe hata ukikasirika unaonekana unatafuta miwani."

Nahodha alifika na vumbi la njiani, shati halijachomekewa, funguo za nyumba zikining'inia kidoleni. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti ya kushindana na injini, lakini mlangoni mwa karakana sauti ile ilipungua yenyewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pita. Mkeo atakupa kiti."

"Kiti gani?" akauliza Wifi. "Akae juu ya nyavu kama sisi. Au unahodha umehamia makalioni?"

Nahodha akacheka, akaketi juu ya fungu la nyavu kuukuu. Kicheko kilikatika alipoliona pazia. Halikuwa limefunguliwa. Dada yake alikuwa amelielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuliacha lilivyo.

Nje, mashine ya barafu ilikuwa ikinguruma, na mtu mmoja alikuwa akimwita mwenzake arudi na toroli.

"Nilitaka kulifungua kabla hatujafika," Nahodha alisema mwishowe. "Injini ikaleta matata, nikasahau."

"Umefunga mara ngapi?"

"Safari hii tu."

Fundi alingoja.

"Na ile ya kabla yake," akasema Nahodha. "Dada, sikiliza. Geti lako linamwaga. Tunakokota, tunapandisha, mkia mwepesi kama mfuko wa sokoni. Meli za matajiri wengine zinapita pale pale na kujaza. Tajiri ameniambia kwa kinywa chake: nikirudi tena na mzigo mwepesi, usukani anampa mwingine. Ningefanya nini?"

Wifi aliacha kukunja mpira wa maji. "Hilo la usukani hukuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Tukose usingizi wawili?"

"Ndiyo. Nani kakuambia mtu akioa anabaki kukosa usingizi peke yake?"

Fundi alikwenda dirishani, akachukua lile gamba, akamwekea kaka yake mkononi. Nahodha aliligeuza huku na huku.

"Alikuwa mkubwa," akasema. "Kama meza. Tulimlaza tumbo chini, tukainua miguu ya nyuma juu ya tairi ili maji yatoke, tukamfunika kwa gunia bichi. Ndivyo tulivyofundishwa. Mpishi alikaa naye tangu asubuhi akimmwagia maji, hata chakula cha mchana tulichelewa." Akainuka, akalirudisha gamba kizingitini. "Hakukohoa."

"Na ukaendelea kufunga."

"Nikaendelea."

Alilisema bila kujitetea. Kwa hiyo Fundi hakuona haja ya kuongeza neno juu yake. Alivuta ngazi.

"Ulisema linamwaga. Linamwagaje?"

"Kwani nimeingia ndani nikaona? Wanatoka tu. Mkaguzi wa uvuvi anakuja kesho asubuhi, na mchana tunaondoka. Nilifikiri…" Akakuna kidevu. "Nilifikiri unaweza kunishonea uzi wa kuvuta. Akija mkaguzi, pazia liko wazi. Tukifika nje, navuta, linafunga."

Wifi aliguna. Fundi alikuwa tayari kwenye ngazi, ukucha wake ukifuata mstari wa mshono unaoshika geti.

"Nipe kile kibao chenye timazi," alisema.

Kilikuwa kibao cha kupimia mwinamo alichojichongea mwenyewe, chenye alama iliyochorwa kwa msumari wa moto na uzi wenye risasi ya kuvulia. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amepewa karatasi yenye mchoro, akaitazama siku kadhaa, akatengeneza. Geti linatakiwa liegemee kama ngazi iliyoegemezwa ukutani na mtu mwenye akili timamu. Likisimama mno, kasa anabanwa kwenye nondo, hatelezi. Likilala mno, maji yanapanda juu ya nondo na kumiminikia kwenye tundu la kutokea, yakibeba kila kilicho chepesi.

Aliwaambia waushike wavu, Nahodha upande wa mdomo na Wifi upande wa mkia, wauvute ukae kama unavyokaa ukikokotwa. Akakiweka kibao juu ya nondo. Risasi ikayumba, ikatulia. Uzi uliangukia mbali na alama.

Akapima tena upande wa pili. Akashuka, akafuta miwani, akapanda, akapima mara nyingine.

"Limelala," alisema.

"Ndiyo nilivyokuambia," akasema Nahodha.

"Hukuniambia limelala. Ulisema linamwaga." Alikuwa bado juu ya ngazi, mgongo amewapa. "Na mimi nililishona likiwa limesimama sawasawa. Nakumbuka alama ilivyokaa."

"Basi limelalaje?"

Fundi alivuta jicho moja la wavu kwa vidole viwili, kisha jingine, la juu ya geti na la chini yake. Aliyavuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayejua jibu naye angependa litoke kwa mwingine.

"Mzee alikuwa anafanya nini na wavu mpya?" akauliza.

"Anaulowesha," akasema Nahodha. "Anautundika na mawe usiku kucha. Tulikuwa tunaudhika. Mtu anataka kwenda kucheza, yeye anabebesha watu mawe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wavu mpya mwongo. Ukipata maji na uzito, mafundo yanakaza, macho yananyooka, na…" Akaligeukia geti.

"Na kipimo chote kinahama," Fundi akamalizia. "Zilipokuja nyuzi hizi za kiwandani, kila mtu alisema hazina haja ya maji. Na mimi nikasema hivyo hivyo. Siku ile walitaka mageti kwa haraka. Nikapima wavu mkavu." Akashuka ngazi. "Mwanzoni lilikuwa sawa. Ulipoanza kukokota wavu ukanyooka, geti likaenda kulala kidogo kidogo. Kambamiti walikuwa wanatoka kweli. Mlango niliufungua mimi, wewe ukaufunga. Kasa ndiye aliyelipa."

Nahodha alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Wifi, aliyekuwa amemwona akishusha pumzi, akamnyooshea kidole.

"Usifurahi. Kosa la dada yako halikuoshi wewe."

"Nani kafurahi?"

"Mabega yako."

Fundi aliwaambia kazi iliyopo. Kulitoa geti, kuulowesha wavu, kuunyoosha kwa uzito, kupima upya, kushona upya. Haikuwa kazi ya kuisha kabla ya mkaguzi, wala kabla ya meli kuondoka. Kwa hiyo meli isingeondoka.

"Tajiri hatakubali," akasema Nahodha. "Unamjua."

"Nipe simu."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nilipima wavu mkavu."

"Atachukua nyavu zake zote, na hii karakana yake, ampe fundi mwingine."

"Huenda."

Nahodha alimtazama dada yake, kisha akalitazama pazia. Akatoa simu, akapiga, akampa. Sauti ya Tajiri ilisikika kote karakanani; alikuwa mtu wa kuzungumza na simu kana kwamba iko ng'ambo ya mto.

Fundi alieleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza kipimo: kosa, sababu, dawa yake, muda wake. Hakuomba radhi mara mbili.

"Na meli zangu nyingine?" Tajiri akauliza. "Mageti yale nani alishona?"

"Mimi."

"Uliyapimaje?"

"Makavu."

Kwenye simu ilisikika kalamu ikigongwa mezani.

"Kuna kitu sielewi," Tajiri akasema. "Kama geti lilikuwa linamwaga, safari hizi mbili za mwisho mzigo ulipandaje?"

Fundi aliishusha simu kifuani. Hakumtazama kaka yake. Alitazama sakafu, maji yalivyokuwa yakitafuta njia kuelekea mfereji. Haikuwa kazi yake kulisema, na alikuwa ameamua, tangu alipoliona fundo, kwamba hatalificha pia.

Nahodha alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Nilifunga pazia, Tajiri," alisema. "Kwa mkono wangu. Mabaharia hawahusiki."

Wifi alifumba macho.

"Nilihisi," sauti ikasema, chini kidogo kuliko mwanzo. "Sikuuliza kwa sababu mzigo ulikuwa mzuri. Sasa umenilazimisha kujua." Kikasikika kikohozi. "Meli haitoki kesho. Mkaguzi akija nitamwambia mwenyewe. Wavu ukiwa tayari mtatoka naye, akae humo akiangalia, pazia wazi. Kambamiti wakikaa, tutaendelea na mengine yote. Wasipokaa, utashuka, na dada yako ataniletea funguo za karakana yangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mpe pole mkeo." Simu ikakatika.

"Pole ya nini?" akauliza Wifi. "Kwani nimefiwa?" Lakini sauti yake haikuwa na mzaha wa kutosha, akaenda kuufungua mpira wa maji bila kuambiwa.

Walianza kulitoa geti. Fundi alikata mshono upande wa kulia. Nahodha akachukua mkasi mwingine akashika upande wa kushoto. Alipofika kwenye pazia alisita mbele ya fundo lake mwenyewe. Hakulikata. Aliutafuta mkia uliofichwa, akauchomoa kwa ukucha, akalifungua kama lilivyofungwa, akauvuta ule uzi wa kijani jicho kwa jicho hadi ukatoka wote. Ilichukua muda. Dada yake alimngoja.

Geti lilipotoka waliliegemeza ukutani. Wakaulowesha wavu mpaka maji yakachuruzika hadi mlangoni, wakautundika upya, na mkiani wakaufunga magunia ya mchanga, kwa kuwa mawe hayakuwepo. Wavu ukalia kidogo, mafundo yakijikaza moja baada ya jingine.

"Tupime sasa?" Nahodha akauliza.

"Ukipima sasa, wavu utakudanganya tena."

"Basi nishone nini?"

"Leo hushoni kitu. Leo unaacha uning'inie."

Nahodha alibaki amesimama, mikono yake mikubwa haina kazi. Kisha akaanza kujaza uzi kwenye sindano za nyavu, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kizingiti cha dirisha kando ya lile gamba. Wifi alizima feni. Fundi alikitundika kibao chenye timazi kwenye msumari wake, akaugusa wavu mara moja, uko baridi, bado unanyooka, akafunga dirisha.

"Njoo asubuhi," alimwambia kaka yake. "Njoo na buti za mpira. Sakafu itakuwa bado ina maji."