Magoli ya Mkuyu

Mwulize Bartholomeo leo ligi yetu ya Upare ilikufaje. Atakukalisha kwenye kochi, atakuonyesha kombe juu ya kabati, kisha atashusha pumzi kama mtu aliyefiwa na kukwambia, "Wafadhili, ndugu yangu. Tulikosa wafadhili." Wafadhili! Fanueli akisikia hivyo hutema mate pembeni. Ligi ile iliuawa na mkuyu, na mkuyu wenyewe aliusimamisha huyo huyo Bartholomeo, mtu mzima asiye na haya wala soni.

Fanueli alikuwa kipa wa Mhezi, na uwanja wa Mhezi ulikuwa shamba la mama yake, Yudith, mjane. Kule milimani tambarare haipatikani. Ukidondosha chungwa mlangoni utaliokota bondeni. Kile kipande cha Yudith ndicho pekee kilichokaa sawa, na vijana walipomlilia wapate pa kuchezea, aliwaazima. Aliwaazima kwa desturi, mbele ya wazee, kibuyu cha pombe ya miwa kikanywewa, na sharti likasemwa kwa sauti: chezeni mpaka mchoke, ila msipande mti. Kila mtoto wa Kipare anajua maana yake. Shamba la kuazima unalima maharage, unavuna, unaondoka. Ukipanda mti, na mwenye shamba akauona akanyamaza, basi siku ya ugomvi mti ule ndio shahidi wako, na shamba limekwenda.

Hali enzi zile ilikuwa ngumu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na bomba la chuma la kutengenezea magoli ulilisikia tu. Timu ya wafanyakazi wa mkonge kule chini, watu waliotoka kila pembe ya nchi, ndio waliokuwa na magoli ya chuma, na Bartholomeo alikuwa akiyatazama kwa jicho la husuda. Yeye alikuwa mwenyekiti wa ligi nzima, na kwa bahati mbaya ya watu wote alizaliwa Mhezi. Alikuwa na suti moja ya Kaunda, filimbi aliyoivaa shingoni hata kanisani, na maneno mengi kuliko redio.

Siku moja akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu, akaamuru vijana wakate mkuyu uliokuwa hapo chini kijitoni. Kwa nini mkuyu? Kwa sababu ulikuwa karibu, basi. Vijana wakachimba mashimo, wakasimamisha.

Yudith alikuja na jembe lake begani. "Mwenyekiti, mkuyu mbichi ukiuchimbia unaota. Kateni kitu kingine."

"Mama Fanueli," Bartholomeo akasema huku akitabasamu, "mambo ya michezo tuachie wenyewe."

Ukaota. Ungefanya nini kingine, mkuyu? Mvua za vuli zilipokwisha, nguzo zilikuwa zimevimba vijicho kila mahali, na masika yalipoingia goli la upande wa kijitoni lilikuwa na majani kama bibi harusi. Timu ngeni zilishika mbavu kwa kucheka. Yudith hakucheka. Alipanda tena uwanjani siku ya mechi, watu wamejaa, akasimama mbele ya mwenyekiti.

"Tulikubaliana nini na wewe? Mti huu unafanya nini shambani kwangu?"

"Mti uko wapi?" Bartholomeo akageuka huku na huku kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. "Mimi hapa naona nguzo. Nguzo za goli, mama. Nenda kapumzike."

Watu wakacheka, na Fanueli, akiwa na glavu zake zilizotoboka vidole, akainamisha kichwa. Mama akarudi nyumbani. Aliambiwa ni nguzo, akakubali ni nguzo. Fanueli alitaka walau ayakwanyue yale machipukizi, Bartholomeo akamkataza. Mgeni rasmi angekuja siku ya fainali, na uwanja, alisema, umejipamba wenyewe bila gharama. Hiyo ndiyo akili iliyokuwa ikiongoza mpira wetu.

Fainali ikawa Mhezi na Bombo. Mhezi walitangulia kwa bao la kubahatisha, na baada ya hapo ikawa Bombo tu, nao kwa kanuni ya ligi sare iliwatosha kubeba kombe, maana walikuwa wageni. Karibu na mwisho, mshambuliaji wao Evance, mrefu mwenye miguu ya korongo, alipiga shuti ambalo Fanueli hakuliona likiondoka. Aliruka kwa sababu kipa lazima aruke. Mpira ulikuwa unaingia pembeni juu kabisa, hakuna mjadala, ila pale pembeni palikuwa na tawi nene kama mkono wa mtoto, limetoka kwenye nguzo likapinda ndani ya goli. Mpira ukaligonga, ukarudi uwanjani, beki akaubutua hadi kwenye migomba.

Loo! Uwanja ukachafuka. Bombo walizingira meza ya mwenyekiti. "Mti umezuia bao! Mti!" Evance alikuwa akipiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

Bartholomeo akapanda juu ya kiti. Akapuliza filimbi, akangoja watu watulie, maana mtu huyu hakuwahi kukosa nafasi ya kuhutubia. "Kwa mamlaka niliyonayo," akasema, "uwanjani hapa hakuna mti. Kuna nguzo. Mpira umegonga nguzo, nguzo imekataa. Hilo limekwisha, na asijitokeze mtu kulifufua."

Mhezi wakachukua kombe, na Bartholomeo akalipeleka nyumbani kwake, eti kwa usalama. Msimu uliofuata Bombo hawakuleta timu. Timu ya Mwanga wakasema hawapandi mlima kwenda kucheza porini. Wale wa mkonge wakaanzisha mashindano yao wenyewe kwenye magoli yao ya chuma. Akabaki mwenyekiti na filimbi. Fanueli alivishwa beji ya kipa bora, akaifungia ndani ya sanduku asiitazame tena. Kipa bora, ameokolewa na kijiti!

Miaka ikapita. Mambo yakafunguliwa, mitumba ikajaa mjini Same, kila mwenye kibanda akajiita mfanyabiashara. Kisha malori ya wanunuzi yakaanza kupanda milimani kutafuta tangawizi, na ghafla ardhi ambayo watu walikuwa wakiipita bila kuitazama ikawa dhahabu. Yudith, mgongo umeshapinda, akamwambia mwanawe, "Mpira haupo tena. Nataka shamba langu nipande tangawizi. Nimechoka kula kwa kubahatisha."

Walipofika na majembe wakamkuta Bartholomeo ameshaweka vibarua. Amesimama katikati ya uwanja na ile suti ya Kaunda, sasa imepauka magotini.

"Shikamoo mwenyekiti," Fanueli akasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Mmekuja kusaidia?"

"Tumekuja kulima shamba letu."

"Lenu?" Bartholomeo akanyoosha kidole kuelekea magoli. Nguzo zilikuwa mikuyu mizima sasa, ndege wamejenga humo. "Ile miti aliipanda nani? Na mama yako kaiona miaka yote hii, kanyamaza. Desturi unaijua, au mpira ulikuharibu kichwa?"

Fanueli alihisi damu ikimpanda. Angemrukia pale pale, ila mama alimshika shati. "Twende kwa wazee," akasema. Njia nzima Fanueli alijua mama anachowaza: wakishindwa, ataingia kaburini akiwa anaomba maharage kwa majirani.

Fanueli hakulala kwa raha. Alfajiri akashuka hadi Bombo kumtafuta Evance, ambaye hawakuwa wamesalimiana naye tangu ile fainali. Alimkuta anapakia ndizi. Alimweleza yote, na alipofika kwenye habari ya miti, Evance aliweka mkungu chini.

"Amesema miti? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Nakuja," Evance akasema. "Nakuja na kijiji kizima."

Na kweli alikuja nacho. Siku ya baraza wazee walikaa pale pale uwanjani, chini ya lile goli la kijitoni, na Bombo walikuwa wamejaa hadi kwenye migomba, mmoja wao ana gunia tupu begani. Bartholomeo alizungumza kwanza, kwa ufasaha wa kuudhi. Alikuwa anagombea udiwani mwaka ule, na kila alipohutubia alilibeba lile kombe kama kitambulisho. Siku hiyo pia alikuwa nalo, amelipangusa linang'aa. Alisimulia alivyoipanda ile mikuyu kwa jasho lake, alivyoitunza, na jinsi mama huyu hakutamka neno.

Ikaja zamu ya Fanueli. "Wazee wangu, mama alikuja hapa mbele ya watu akauliza habari ya mti. Huyu akamjibu hapa hakuna mti, kuna nguzo. Na siku ya fainali akapanda juu ya kiti akatuambia hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa golini. Lile shuti lilikuwa limenipita. Leo nasema mbele yenu, kama huu ni mti, lile lilikuwa bao, na mimi sijawahi kuwa bingwa wa kitu chochote." Akatoa ile beji mfukoni, akaiweka chini.

Evance akasimama na gunia. "Na sisi tumekuja kuchukua kombe letu. Aseme tu ni miti."

Mzee Eliaichi, mkubwa wa baraza, alikuwa anajizuia kucheka. "Haya, mwenyekiti. Ni nguzo au ni miti?"

Bartholomeo alitazama shamba. Alitazama kombe. Alitazama ule umati wote wa wapiga kura, na lile gunia limeachama. Mtu mwenye akili angechukua shamba akaishi vizuri. Lakini huyu alikuwa Bartholomeo, na Bartholomeo bila kombe ni suti iliyopauka tu. Akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Ni nguzo," akasema.

"Hatujasikia!" Bombo wakapiga kelele.

"Nguzo! Nimesema ni nguzo!"

"Basi nguzo haimiliki shamba," Mzee Eliaichi akasema. "Mama Fanueli, lima."

Yudith hakungoja apewe mkono. Alichukua panga la mwanawe, akaiendea ile nguzo ya kijitoni yenye matawi na viota, akaipiga. Utomvu mweupe ukatiririka hadi kwenye kanga yake. Kila mtu aliuona, na Bartholomeo aliuona kuliko wote, akazidi kulikaza kombe kifuani. Fanueli akamsaidia mama kukata hadi mkuyu ukaanguka, kisha wakaukatakata magogo.

"Haya, mwenyekiti," Yudith akasema huku akihema. "Nguzo zako hizo. Beba."

Akabeba, mbele ya wapiga kura wake, gogo begani na kombe kwapani, na Bombo wakimsindikiza kwa vigelegele. Udiwani hakuupata. Yale magogo aliyachimbia kando ya ua wake kwa hasira, na Fanueli, kila akipita pale na gunia lake la tangawizi, husimama akaita kwa heshima zote: "Shikamoo mwenyekiti! Nguzo zako zimetoa majani mengine."