Mgao wa Truphosa

Wakati mkewe Truphosa akiwa hai, Khisa hakuwahi kukanyaga ofisi ya chifu siku ya kugawa chakula. Hiyo aliiona kazi ya akina mama. Yeye alikuwa mtoto wa reli, amezaliwa kwenye landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akafanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na kwa kiinua mgongo chake akanunua kipande cha shamba huku Bahati. Mtu wa aina hiyo, alijiambia, hasimami foleni ya msaada. Basi mvua ziliposusa, na serikali ikaanza kuwaletea wazee mahindi na maharagwe, aliyekuwa akienda kila mwezi ni Truphosa. Alitoka asubuhi na kurudi jua likiwa limeegemea upande wa mlima Menengai, kiroba kichwani, na Khisa akala kilichopikwa bila kuuliza.

Kilichopikwa kilikuwa maharagwe. Maharagwe na ugali wa unga wa dukani, maharagwe na viazi, maharagwe matupu. Khisa aliyalalamikia sana mbele ya wanaume wenzake pale kwa fundi wa baiskeli.

"Hii serikali yenu," angesema, "kodi yetu yote inaishia kwa maharagwe. Mahindi wanapeleka wapi?"

"Kwetu tunaletewa mahindi mingi tu," mmoja alimjibu siku moja, na Khisa akadhani anatania.

Truphosa alifariki mwezi wa tatu, kwa presha, akiwa anafagia uwanja. Bethwel, mtoto wao wa pekee, alikuja kutoka Kitale, akamzika mamake, akakaa siku chache akitengeneza hiki na kile kilichokuwa kimeharibika, kisha kazi ikamwita. Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Khisa alianza kuijibu redio. Mtangazaji akiwatakia wasikilizaji asubuhi njema, naye anasema, "Na wewe pia," halafu anatazama huku na huku kama mtu aliyefumaniwa.

Naibu wa chifu, kijana mmoja aliyeitwa Ndegwa, alimpitia na pikipiki.

"Mzee, ule mgao wa mama bado upo. Sasa ni wako. Kuja Alhamisi."

"Mimi niko sawa."

"Sijasema hauko sawa. Lakini chakula ikibaki stoo, huko juu watasema watu wa Bahati wameshiba, watupunguzie."

Khisa alitaka kukataa tena. Lakini mtungi wa maharagwe ulikuwa umebaki vumbi, na Alhamisi akaenda.

Alisimama mwisho wa foleni, kofia mkononi. Akina mama walimsalimia kwa heshima, wakampa pole, kisha wakarudi kwenye maongezi yao kwa Kikuyu, ambacho yeye alikielewa nusu nusu hata baada ya miaka yote hiyo. Zamu yake ilipofika alipimiwa mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, mpaka kiroba kikajaa zaidi ya nusu, halafu maharagwe kidogo kwenye mfuko. Akashangaa. Mahindi ndiyo yalikuwa mengi.

Alikuwa anajitwisha mzigo wakati mama mmoja mnene, mwenye sweta ya kijani, alipomfuata hadi kwenye ua wa misipresi nyuma ya ofisi. Alikuwa amebeba viroba vyake viwili, na chini ya mti kulikuwa na jiwe bapa ambalo alilielekea kama mtu anayejua kiti chake.

"Baba Bethwel, mimi ni Waithera. Keti basi tubadilishane."

"Tubadilishane nini?"

"Mama Bethwel alikuwa ananipa mahindi, mimi nampa maharagwe. Kila mwezi."

Khisa alimtazama. Akaona mtu anayejaribu kumnyang'anya mjane wa kiume siku yake ya kwanza.

"Hayo yalikuwa makubaliano yenu," alisema. "Mimi sina habari nayo."

"Haya, Baba. Hakuna neno," Waithera akasema, akainama kufunga kiroba chake upya. Khisa akaenda zake.

Jioni hiyo alipika githeri. Alichemsha mahindi na maharagwe kama alivyowaona wapishi wa kiwandani wakifanya, kuni zikaisha akaongeza nyingine, akatia chumvi, akapakua. Kijiko cha kwanza kilimshinda. Meno ya nyuma yalikuwa yameng'olewa yote kule zahanati, na haya ya mbele yalikuwa yakitikisika. Punje zilizunguka mdomoni kama mawe. Alizitema moja moja pembeni mwa sahani, akala maharagwe, na alipomaliza akalitazama lile rundo dogo la mahindi aliyoyatema.

Ndipo akakumbuka kwamba tangu meno yale yatolewe, Truphosa hakuwahi kupika githeri tena. Alimwuliza mara moja, na Truphosa akasema amechoka na mahindi, yanamjaza gesi. Hakusema kitu kingine. Hakuwahi kumwambia, "Mzee, wewe huwezi kutafuna." Alibeba mahindi yake mpaka kwa mtu wa kuyapokea, akaleta maharagwe nyumbani, akamwacha mumewe aitukane serikali kwa fundi wa baiskeli.

Khisa aliwamwagia kuku yale mahindi.

Asubuhi alijaza mahindi yaliyobaki kwenye kiroba na kwenda kumtafuta Waithera. Alimkuta nyuma ya nyumba akipalilia sukuma wiki zilizokauka ncha.

"Nimekuja kuomba msamaha," Khisa alisema, kiroba kikiwa bado begani. "Sikujua."

"Nilijua hukujua. Yeye mwenyewe alisema hujui." Waithera aliipangusa mikono kwenye leso. "Tua mzigo, ukunywe chai."

Akamsimulia. Walikutana kwenye foleni, siku ya kwanza kabisa ya mgao. Waithera alikuwa na wajukuu wenye meno kama ya panya, wanaotaka githeri asubuhi na jioni. Truphosa alikuwa na mzee asiyeweza kutafuna. Wakabadilishana. Na baada ya kubadilishana walikaa pale kwenye jiwe wakiongea.

"Mliongea nini?" Khisa aliuliza.

"Kila kitu. Mambo ya watoto. Alikuwa ananifundisha nyimbo za kanisa lenu, za Kibukusu. Alikuwa anacheka, huyo mama! Anacheka mpaka anajishika mbavu."

Khisa alikizungusha kikombe. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho Truphosa alicheka hivyo nyumbani.

"Kila alipochelewa, mimi nilidhani foleni ndiyo ndefu," alisema.

Mwezi uliofuata walikaa kwenye jiwe, na mwezi baada ya huo. Khisa hakuwa mtu wa maneno. Lakini Waithera aliongea kwa ajili ya wote wawili, na katikati ya maneno yake Truphosa alikuwa akitokea, mara akiwa mkali, mara mtani, mara akilalamika kwamba mumewe hulala na soksi. Khisa alizisubiri Alhamisi hizo. Alinyoa ndevu kwa sababu ya siku hizo.

Kisha Ndegwa akasimama kwenye ngazi ya ofisi na kuinua mkono ili watu wanyamaze.

"Wazazi wangu, nisikilizeni. Bajeti ya chakula imekatwa. Wamesema mvua imerudi, pesa inapelekwa kwa barabara na mambo mengine. Hii ya leo ndiyo ya mwisho."

"Mvua gani imerudi?" mama mmoja alipaza sauti. "Imenyesha wiki mbili! Tutakula majani?"

"Mathe, mimi sikuandika hiyo bajeti. Mimi ni wa kutangaza tu."

Kwenye misipresi Waithera na Khisa walibadilishana bila maneno mengi. Walipoagana, wote wawili walisema tutaonana, na Khisa alijua hawakuwa wamesema lini, wala wapi, wala kwa sababu gani.

Alikaa akiitafuta sababu hiyo majuma kadhaa. Mzee mjane kwenda tu kwa mama mjane, mikono mitupu, watu wangesema nini? Mwishowe mahindi yake machache ya shambani yakakomaa. Akayavuna, akayapukuchua, akajaza kiroba.

Nyumba ya Waithera ilikuwa na kufuli. Jirani alitokeza kichwa juu ya ua.

"Alichukuliwa na binti yake, Mugure, yule wa hoteli kule Mai Mahiu. Pamoja na watoto. Hapa chakula kilikuwa kimeisha kabisa."

"Aliacha namba?"

"Hakuniachia, mzee."

Khisa alimpa jirani yule mahindi, maana hakuona faida ya kuyarudisha. Akatembea polepole mpaka kwake, akaketi mlangoni, akampigia Bethwel simu, ingawa haikuwa Jumapili, siku yao ya kupigiana.

"Baba? Kuna shida?"

"Hapana. Nilitaka ujue mamako alikuwa na rafiki."

"Rafiki gani?"

"Anaitwa Waithera. Alikuwa anamchekesha sana."

Kwa mbali Khisa alisikia mashine za kazini kwa mwanawe zikinguruma.

"Sawa, Baba," Bethwel alisema hatimaye. "Umekula?"

"Nimekula," Khisa alisema, na hakuwa amekula.