Akaunti ya Mwenyekiti

Mfereji ulikohoa mara mbili gizani, nikajua maji yamekuja.

Hapa kwetu Kabiria maji huja Jumanne na Ijumaa kabla ya alfajiri, na hewa hutangulia kwenye bomba. Mimi huuacha mfereji wa jikoni wazi juu ya mtungi ili uniamshe. Kengele ya simu ingemwamsha binti yangu Valarie, ambaye ana miaka mitano na akiamka ameamka. Mfereji haumsumbui.

Niliketi kwenye kistuli kando ya mtungi, nikafungua laptopu magotini. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja kasorobo. Huo ndio muda wangu wa kuandika programu, hadi saa kumi na mbili na nusu, saa ya uji. Baada ya hapo mimi ni Mama Vale, na siku tatu kwa wiki mimi ni yule dada anayefua nguo kwenye maghorofa ya Kileleshwa.

Barua pepe ilikuwa imeingia jana yake jioni, kutoka kwa Mercyline, kiongozi wa mradi wetu wa Karani. “Mpendwa Mutie,” ilianza. Ilisema kamati imekaa, imetazama kazi ya miezi kumi na tisa, na imekubaliana kumpa Mutie mkataba wa mwaka mmoja, kazi ya mshahara, awe mmoja wa watunzaji wa mradi. Atakabidhiwa funguo. Kilichobaki ni Mutie atume nakala ya kitambulisho kufikia Ijumaa saa kumi jioni.

Nilisoma mpaka maji yakafurika yakanilowesha miguu.

Kazi hiyo ya miezi kumi na tisa ni yangu. Jina ndilo la Mutie.

Wacha nieleze vile ilivyokuwa. Sasa naweza kueleza nikiwa nimetulia. Wiki ile nilikuwa naona nikikosea neno moja tu nitaitwa mwizi.

Tulikuwa watatu katika darasa la jioni pale mjini, orofa ya nne, mtaa wa Tom Mboya: Mutie, Obuya na mimi. Hakuna aliyekuwa na kompyuta. Tukafanya kile ambacho mtu yeyote wa hapa angefanya, tukaunda chama. Tulichanga, tukanunua laptopu moja iliyotumika, tukachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, maana vyeo ni vitatu na sisi tulikuwa watatu. Mutie akawa mwenyekiti, mimi mweka hazina. Mwalimu alipotuambia tufungue akaunti kwenye ile tovuti ambako watu wa programu huria huweka kazi zao, hatukufikiri hata kidogo. Kitu cha chama huandikwa jina la mwenyekiti. Tukafungua moja, Mutie Masila, na paswadi tukaijua sote.

Hatukujua kwamba huko akaunti ni uso wa mtu.

Karani ni programu ya bure ya kusajili watu kwenye tovuti. Zahanati ndogo na shule huitumia, hapa nchini na ng'ambo. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, akaurekebisha, akatuma marekebisho, na watunzaji wakiridhika wanayaingiza. Wengi wetu hatulipwi. Wanakujua kwa kazi yako tu. Mwalimu alitupa Karani kama zoezi la muhula mmoja, mimi nikaipenda nikashindwa kuiacha.

Obuya alichoka mapema, akaingia biashara ya viatu. Mutie alipata kazi ya programu kwenye ofisi moja Kileleshwa, akaniambia, “Mama Vale, baki na hiyo mashini, mimi nimepewa ingine.” Nikabaki na mashini, na akaunti ndani yake, kama mtu anavyobaki kwenye nyumba ambayo mita yake ya stima ina jina la mwingine. Watu wa Karani waliniita Mutie. Kuna mmoja aliyekuwa akiniita kaka mkubwa. Mwanzoni niliona ni kichekesho. Halafu nikaona aibu kuwasahihisha, na kadiri kazi ilivyoongezeka ndivyo aibu nayo ilivyonenepa.

Sasa walitaka kunipa funguo. Mwenye funguo anaweza kuingiza chochote kwenye programu inayotunza majina ya wagonjwa. Kwa hiyo mtu anayejificha nyuma ya jina la mwingine ndiye hasa wanayemwogopa.

Jumatano nilimpeleka Valarie shule, kule mtaa wa Satellite, kisha nikatembea hadi Kileleshwa. Mutie alishuka saa ya chakula, tukakaa kwenye kibanda cha chapati nyuma ya jengo lao. Alikuwa amenawiri, na kadi ya ofisi ikining'inia shingoni.

“Niaje, mweka hazina,” alisema.

“Poa, mwenyekiti. Soma hii.”

Alisoma kwenye simu yangu, chapati mkononi. Akaacha kutafuna.

“Kwani nimepata kazi?”

“Umepata kazi yangu.”

Alicheka, nami nikacheka.

“Mimi tangu nitoke sijagusa hiyo kitu,” alisema.

“Najua. Nataka uwaandikie hivyo. Useme ni mimi.”

Aliweka chapati chini. “Mama Vale, skiza. Nikitafuta kazi hapa waliniuliza nimefanya nini. Niliwaonyesha hiyo akaunti.”

“Si wakati ule ilikuwa yetu sote.”

“Wakati ule, sawa. Lakini bosi bado huiangalia. Mwezi jana alinisifu mbele ya watu. Eti Mutie hata akiwa kwake hapumziki.”

“Na wewe ukasema?”

“Nikasema asante.”

Mama wa chapati alijifanya hasikii, akageuza iliyokuwa imeiva zamani.

“Kuna njia rahisi,” Mutie akasema, akisogea. “Natuma kitambulisho changu. Wewe unafanya kazi vile umekuwa ukifanya. Mshahara ukiingia nakutumia wote, sitaki hata ndururu. Nani atajua?”

Sitadanganya, nilifikiria. Mutie si mtu mbaya, na aliposema atanitumia wote nilimwamini. Hapa mjini wangapi wanafanya kazi kwa jina la shemeji au la binamu, na maisha yanaendelea? Nilitazama yale maghorofa juu yetu, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani, nyingine nilizifua kwa mikono yangu jana yake. Nikawaza zile zahanati, kwamba zitakuwa zimekabidhi wagonjwa wao kwa mtu ambaye hayupo. Na mimi je, siku Mutie akichoka kuwa mimi, nitaenda kumshtaki wapi?

“Hapana,” nilimwambia. “Nitawaandikia mwenyewe. Nimekuja nikuambie kwanza, usisikie kwa watu.”

“Utaniharibia, Peres.”

Tangu darasani hakuwa ameniita kwa jina langu. “Sitasema lolote juu ya bosi wako,” nilisema. “Lakini kuhusu kazi yangu nitasema.”

Nilimwacha na chapati yake.

Alhamisi alfajiri niliandika. Nilianza mara nne kwa lugha ya ofisini, mara nne nikafuta. Mwishowe niliandika kama ninavyoongea. Dada Mercyline, mimi si Mutie. Naitwa Peres Ajwang. Nikaeleza chama, mwenyekiti, laptopu moja, nikaacha na namba yangu ya simu. Nikasema wakiona nimewadanganya nitaelewa, ila tafadhali wasiyaondoe yale marekebisho kwa hasira bila kuyatazama, kwa sababu kuna zahanati zinayategemea. Nikatuma kabla ujasiri haujaisha, nikaenda kukoroga uji.

Siku nzima nilifua huku simu nimeilaza kwenye dirisha la bafu la watu, nikiikaushia mikono kila ilipowaka. Mara ni kundi la kanisa, mara ni mtandao unaniuzia bando. Ijumaa asubuhi maji yalikuja, jibu halikuja. Nilimwambia Valarie kwamba leo mama ana mambo, awe mpole, akaniuliza mambo gani, nikamwongezea uji.

Saa tisa na nusu alasiri, nikiwa nimevaa blauzi ya kanisa bila kujua ninaivalia nini, simu ya video ikalia.

Alikuwa Mercyline, mwanamke mkubwa kuliko mimi, mwenye miwani, kitambaa kichwani, ameketi kwenye baraza ya nyumba kule Kakamega.

“Wewe ndiye Peres?”

“Ndiyo, dada.”

“Inua kitambulisho nikione.” Nikakiinua. “Sawa. Mwaka jana kulikuwa na shida kwenye sehemu ya tarehe ya kuzaliwa. Mutie akairekebisha kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria. Nieleze ni kwa nini alifanya vile.”

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, sikuwa nimejiandaa kuulizwa kazi. Lakini hiyo kazi niliijua kama kiganja changu.

“Fomu ilikuwa inamkataa mtu asiyejua tarehe yake,” nilisema. “Kwa hiyo wale wanaosajili walikuwa wanaandika tarehe mosi Januari ili mambo yaende. Kuna zahanati moja ilitutumia ripoti, watu mia nne wamezaliwa siku moja. Nyanya yangu mwenyewe hajui tarehe, anajua mwaka tu. Nikaona fomu ndiyo inawalazimisha watu waseme uongo. Nikaifanya ipokee mwaka peke yake, na isijaze siku ambayo mtu hakuisema.”

“Na wale mia nne?”

“Wale sikuwagusa. Singejua nani kati yao alizaliwa kweli Januari mosi. Niliweka alama tu, ili waulizwe wakirudi.”

Mercyline alivua miwani. Nikaona anacheka.

“Mimi nilijua wewe ni mama,” alisema. “Kitambo.”

“Ulijuaje?”

“Saa, mwanangu. Kila kitu mnachotuma huja na saa yake. Wewe unaanza saa kumi na moja asubuhi, unakatika saa kumi na mbili na nusu, siku zingine katikati ya sentensi. Shule zikifungwa unakatika ovyo ovyo. Nimelea wanne. Nikajiambia, huyu Mutie ama ni mama ama ana bibi mkali sana.”

Nilicheka mpaka nikaogopa nimekosa adabu.

“Lakini kuhisi si ushahidi,” akaendelea, uso ukarudi kuwa wa kazi. “Barua yako niliipeleka kwa kamati jana. Wawili walikataa. Walisema aliyedanganya jina asipewe funguo, na mimi sikuwa na la kuwajibu. Halafu leo saa saba mchana Mutie mwenyewe akaandika pale wazi kwenye ukurasa wa mradi, mbele ya kila mtu. Hujaona?”

Sikuwa nimeona. Tangu nitume barua sikuwa nimethubutu kufungua ile akaunti, niliona si yangu tena.

Akanisomea. “Naitwa Mutie Masila. Tangu niajiriwe sijaandika mstari hata mmoja wa Karani. Kila kitu ambacho mmenishukuru ni cha Peres Ajwang. Nimeacha watu waamini vingine kwa sababu ilinifaa. Leo asubuhi nimemwambia hata bosi wangu.”

Nilifunika mdomo. Nilimwona akishuka zile ngazi na kadi yake shingoni, akiwa hajui kama atazipanda tena.

“Wale wawili wamekubali,” Mercyline alisema. “Lakini kuna sharti. Utafungua akaunti kwa jina lako leo. Orodha ya waandishi tutairekebisha. Na kwa miezi mitatu, lolote utakaloingiza litatazamwa na mtu wa pili kwanza. Unaona ni haki?”

“Ni haki, dada.”

“Utaanza Jumatatu. Sasa nitumie picha ya hicho kitambulisho, na usikishike juu chini kama ulivyokishika sasa.”

Simu ilipokatika nilibaki nimeketi. Ujumbe wa Mutie ukaingia. “Bosi hajanifuta kazi. Amenipa makosa kumi ya kurekebisha na ameniambia nisirudie. Halafu akauliza kama huyo Peres anatafuta kazi. Nimemwambia amechelewa.”

Hapo ndipo machozi yalipokuja, bila kelele, yakafuatana tu kama maji ya mfereji hewa ikishatoka. Mabega yangu yalishuka mahali ambapo sikujua yanaweza kufika. Valarie aliacha kuchora akaja akasimama mbele yangu, akanitazama, akanipanguza shavu kwa mkono wenye rangi ya kijani.

Wahu, jirani wa mlango wa pili, alichungulia. Kuta zetu hazifichi kitu; alikuwa amesikia mtu akicheka, na sasa anaona mtu analia.

“Mama Vale, kuna nini? Na blauzi ya kanisa siku ya Ijumaa, kwani unaenda wapi?”

Nilijifuta uso kwa mkono wa blauzi. Valarie akamgeukia.

“Mama amepata kazi, na haendi mahali popote.”