Hodi kwa Bredauni

Asubuhi ile Mzee Anselmo alitamani kitu kimoja tu: afike kwa kina Jane, mchumba wa mwanawe, anywe chai, yasemwe ya kusemwa, arudi zake nyumbani Mfaranyaki, pale Songea mjini, alale. Alikuwa amechoka kabla hata ya kuwasha gari. Na uchovu wenyewe haukuwa wa siku hiyo, ulikuwa wa gari.

Gari lake ni bredauni. Lile dubwana la kuvutia malori yaliyoanguka, lenye mkono wa chuma mgongoni, winchi, minyororo, na ndoano ambayo mtu mzima anaweza kuikalia akala ugali. Aliliendesha miaka yote ya kazi katika kampuni moja ya barabara, na kampuni ilipofunga kambi ikaondoka, yeye akalinunua mnadani kwa kiinua mgongo chake, wenzake wakinunua bati na nguruwe. Tangu hapo ndilo gari lake la kila kitu. Sokoni Majengo analo. Mashineni, kusaga debe moja la mahindi, analo. Misa ya kwanza analo, na mkewe Odilia hupanda kwa stuli ya jikoni, kisha anaivuta stuli juu kwa kamba kama mtu anayeteka maji. Mfaranyaki wanasimulia kwamba siku moja alilifunga kwenye mparachichi wa nyumbani akaenda kunywa ulanzi, akasahau breki. Aliporudi, mparachichi ulikuwa umesimama kwa jirani, na jirani ameshauza matunda. Mimi sibishi. Mparachichi uko pale kwa jirani mpaka leo.

Kununua gari dogo hawezi. Aliwahi kupanda teksi ya Azizi mpaka hospitali, akajiona kama ameketi ndani ya beseni.

Lakini linachosha. Klachi yake inataka mguu wa kijana, usukani unataka mabega mawili, na yeye amebakiwa na bega moja na nusu. Halafu hakuna safari inayobaki kuwa safari. Ukienda kununua dagaa, mtu anakupungia mkono, lori limezama. Ukitoka kanisani, mtu anakusubiri mlangoni, Noah imeingia mtaroni. Hata padri amewahi kumwungamisha harakaharaka kwa sababu Land Cruiser ya parokia ilikuwa imekwama.

Siku hiyo walikuwa wanakwenda kujitambulisha. Mtoto wao wa mwisho, Osmund, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameanza kuota mvi akiwa hana mke. Posa mbili zilishavunjika. Ya pili ilivunjika kwa sababu bredauni ilikanyaga bomba la maji la baba mkwe, na kitongoji kizima kikashinda na ndoo vichwani kikitaja jina la Anselmo.

"Mtoto wetu hana kasoro," Odilia alisema usiku wa kuamkia safari. "Kasoro ni jinsi tunavyofika. Safari hii tunafika kama watu. Tunakwenda na teksi."

Asubuhi teksi ya Azizi ikakataa kuwaka. Azizi akafungua boneti, akaangalia ndani, akaifunga kwa upole kama mtu anayefunika chakula cha mgonjwa.

"Mzee, labda ungenivuta mpaka gereji," akasema.

Anselmo alienda kuleta stuli.

"Baba Osmund," Odilia alisema, tayari yuko juu, mkoba mapajani, "leo tukiharibu, yule mtoto atazeeka nyumbani kwangu. Nakwambia mapema."

Kati yao aliketi mshenga, Mzee Swalehe, jirani yao Myao mwenye maneno matamu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Mshenga ndiye angezungumza yote. Kazi ya Anselmo na Odilia ilikuwa kukaa, kuonekana wazima, na kunyamaza.

Walishika barabara ya Mbinga mwendo wa konokono mwenye mzigo. Mbele ya Likuyufusi waliingia njia ya vumbi, na kwenye njia panda palikuwa na duka. Anselmo akasimama. Mwenye duka, mama mmoja aitwaye Lidwina, alitoka akijifuta mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwa Mzee Mathias ndiyo huku?"

Lidwina aliangalia bredauni kuanzia mbele hadi kwenye ndoano. Akamwangalia Odilia, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu Songea. Akamwangalia Swalehe na kanzu yake.

"Mathias baba yake Saimon?" akauliza, sauti imeshuka.

"Nadhani ndiye. Tuna maongezi naye kidogo."

"Pandeni kilima. Kwenye mikaratusi, kushoto," Lidwina akasema. Akarudi ndani akafunga dirisha la duka, simu tayari iko sikioni.

Sasa, Lidwina alikuwa anajua jambo ambalo wao hawakulijua. Saimon, kaka mkubwa wa Jane, alikuwa dereva wa semitrela, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu jana. Pale kijijini bredauni ilishawahi kupanda kile kilima mara moja tu, miaka ya nyuma, na siku ile ilikuwa imevuta basi lililobonyea, na nyuma yake walikuja watu wenye habari mbaya. Kwa hiyo kule bredauni haiji kusalimia. Wageni wa Jane walikuwa wanasubiriwa, ndiyo, lakini wageni wa Jane walisema watakuja na teksi.

Njiani kilimani pikipiki iliwapita, abiria amekumbatia kiroba cha unga. Ikawapita nyingine na kuni. Ya tatu ilikuwa na sufuria mbili kubwa na mama mmoja ambaye alikuwa anajifunga kanga kiunoni huku pikipiki inakwenda.

"Watu wa huku wakarimu," alisema Swalehe. "Wanatuandalia."

Anselmo alikuwa anapambana na gia ya kwanza, goti linamlilia. Alisema mmh.

Walipokata kushoto kwenye mikaratusi walisikia kilio.

Uwanja wa Mzee Mathias ulikuwa umejaa. Wanawake wamekaa chini kwenye majamvi, wanaume wameshapanga mabenchi ya kigango, moto wa mafiga matatu unafuka. Bredauni ilipoingia, kilio kilipanda ghafla kama maziwa kwenye sufuria.

"Mungu wangu," Odilia alinong'ona. "Wamefiwa."

"Tugeuze," alisema Swalehe. "Siku ya leo si ya maneno yangu."

"Unageuza wapi hapa?" alisema Anselmo. "Na mtu amefika msibani, anageuza?"

Odilia alikuwa ameshashuka, bila stuli, na mimi nawaambia kutoka kwenye mlango ule mpaka chini ni urefu wa mtoto wa darasa la tano. Alijitanda kanga yake, akaweka mikono kichwani, akaingia kwenye majamvi akilia. Alimkuta mama mmoja ameshikwa na wenzake watatu, akajua ndiye mwenye msiba. Akamkumbatia. Huyo alikuwa Suzana, mke wa Mathias, mama yake Saimon na Jane.

Msibani kwetu huulizi aliyekufa. Unalia kwanza. Kuuliza ni kujionyesha kwamba umekuja kama mpita njia. Unalia, unakaa, unatega sikio, na baadaye jina linakujia lenyewe katika maombolezo ya wengine. Hivyo ndivyo alivyolelewa Odilia, ndivyo alivyolelewa Anselmo. Na wenye nyumba nao wana yao: aliyeleta habari mbaya haharakishwi. Anapewa maji, anapewa benchi, anaachwa mpaka mwenyewe aone ni wakati wa kusema.

Kwa hiyo kila upande ulikaa ukiusubiri mwenzake.

Mzee Mathias alimpokea Anselmo kwa mikono miwili, akamketisha kando yake.

"Poleni," alisema Anselmo.

"Tumeshapoa. Poleni nanyi."

Katekista aliongoza rozari akimwombea "ndugu yetu huyu" bila kutaja jina, maana yeye naye alikuwa anasubiri kulisikia. Swalehe alijaribu mara moja. Alikohoa, akanyoosha kanzu, akaanza, "Wazee wangu, sisi kilichotuleta…" na kilio kikapanda upya kwa nguvu kiasi kwamba kuku walikimbilia shambani. Akakaa. Hakujaribu tena.

Jua likapanda. Chai ikaja, baadaye ugali na maharage. Anselmo alikula kwa heshima. Benchi lilikuwa kitu cha kwanza siku hiyo kuupa mgongo wake nafasi, kivuli kilikuwa kizuri, na zile Salamu Maria zilikuwa zinakuja na kurudi, zinakuja na kurudi. Kidevu kikashuka kifuani. Akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu kampuni ifunge kambi.

"Jamaa wa kampuni ya Saimon ameumia sana," mtu mmoja alinong'ona. "Amezimia."

Wakampepea kwa magunia. Wanasema alikoroma rozari nzima, na wapo waliokuwa wanaitikia.

Alipozinduka, jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba. Mathias alikuwa bado kando yake, macho mekundu. Mzee yule alikuwa amevumilia kadiri ya uwezo wa binadamu.

"Mzee mwenzangu," Mathias alisema taratibu. "Sasa tumekula, tumesali. Niambie. Mtoto mmemwacha wapi?"

Anselmo, usingizi ungali machoni, alifikiri hatimaye wenye nyumba wameamua kugusia posa, pamoja na msiba wao. Aliona ni uungwana mkubwa.

"Tumemwacha Songea," akasema. "Desturi hairuhusu kuja naye siku ya kwanza."

Mathias aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka. "Songea, hospitali?"

"Hapana. Nyumbani. Anasahihisha mitihani."

Benchi zima likageuka.

"Anasahihisha nini?" Mathias aliuliza.

"Mitihani ya kidato cha pili. Ni mwalimu."

Mathias alijifuta macho. "Mzee," akasema, "ninyi ni akina nani?"

Hapo Swalehe aliinuka. Kwa mara ya kwanza maneno matamu yalimwishia, akasema kavukavu kama karani. "Ni wageni wa Jane. Tulikuja kuposa. Tumewakuta na msiba, tukaona tulie nanyi kwanza. Poleni sana. Marehemu ni nani?"

Katekista alifunga kitabu chake. Kijana mmoja alipiga tena simu ya Saimon, na safari hii ikaita. Sauti ikasikika, mdomo umejaa. Alikuwa Makambako anakula chipsi mayai. Simu iliisha chaji jana, akalala garini. Akauliza mbona huko nyumbani anasikia watu wengi, kuna harusi?

Suzana aliinyakua simu, akamtukana mwanawe kwa Kingoni mpaka akatulia. Kisha akakaa chini, miguu imenyooka, akalia kwa mara nyingine, kilio kingine kabisa.

Furaha ilidumu muda mfupi. Baada yake ikaja hasira, kama inavyokuja.

"Umemlilia mwanangu akiwa hai," Mathias alimwambia Anselmo. Hakupaza sauti. "Umekula ugali wa matanga yake. Umelala usingizi kwenye matanga yake."

"Nimelala, kweli," alisema Anselmo. Hakuwa na nguvu ya kujitetea. "Lakini, mzee mwenzangu, sikumuua mimi. Niliulizia njia tu."

"Unaulizia njia na dude kama lile?"

Mjomba mmoja wa Jane alisema hao waondoke na posa yao, mabinti wapo wengi huko Songea. Wengine wakaitikia. Anselmo alimtazama Odilia ng'ambo ya uwanja. Kanga yake ilikuwa na vumbi, macho yamevimba, na sura yake ilikuwa ya mtu anayemwona mwanawe anazeeka.

Suzana ndiye aliyewanyamazisha.

"Tulieni," akasema pale pale chini. "Huyu mama amenishika kiuno tangu asubuhi. Amelia kuliko shangazi za mtoto, na shangazi nawaona hapo, walikuwa wanagombania sufuria. Na alikuwa hajui anamlilia nani. Basi Jane wangu nimpeleke wapi, kwa mama asiyelia?"

Shangazi wakaangalia majivu.

Mathias alivuta pumzi. Naye alikuwa amechoka, ukitaka kujua. Kuomboleza mtoto siku nzima ni kazi nzito, hata kama mtoto anakula chipsi.

"Sawa," akasema. "Hodi yenu nimeisikia. Mtarudi kwa maneno ya mahari. Lakini lile gari lisikanyage tena hapa. Liacheni kule kwenye lami, mpande kwa miguu."

Anselmo alikifikiria kile kilima, akalifikiria goti. "Tutapanda," akasema.

"Na leo lisiondoke kwa kunguruma. Mke wangu ameshalisikia mara moja, inatosha. Liondoke kimya, kama halikuja."

"Bila kuwasha, mzee mwenzangu, lile ni tani nyingi."

"Watu wapo," alisema Mathias.

Na walikuwapo, kijiji kizima, wameshiba. Waliinuka kwenye majamvi na mabenchi, wakalizunguka lile gari, wengine mbele, wengine pembeni, shangazi wameshika minyororo, katekista amekunja mikono ya shati. Mjomba aliyetaka wafukuzwe ndiye aliyehesabu. Wakalisukuma kinyumenyume mpaka nje ya uwanja, wakaligeuza kwenye mikaratusi, likaanza kuteremka polepole. Hakuna aliyepiga kelele. Zilisikika kandambili zikiburuzika vumbini, pumzi, na kicheko cha mwanamke mmoja kilichomponyoka akakimeza.

Anselmo alikuwa ndani peke yake, mikono kwenye usukani, mguu juu ya breki. Klachi hakuigusa. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Odilia anakuja nyuma kwa miguu, ameshikana mkono na Suzana, wanaongea.

Chini ya kilima likasimama lenyewe. Watu wakajipangusa mikono, wakaaga, wakarudi juu kugawana ugali uliobaki. Swalehe akapanda, Odilia akapanda, Suzana akimsukuma kwa chini.

Wakakaa. Anselmo hakugusa ufunguo.

"Baba Osmund," Odilia aliita. "Washa twende. Umelala?"

"Sijalala," alisema Anselmo, kichwa kimeegemea usukani. "Ngojeni kidogo."