Hopsi za Kunukia

Edina alikuwa hamezi tena hata uji. Kansa ilikuwa imeziba koo, na hospitali walishamrudisha nyumbani Katubuka kwa maneno ya upole yasiyo na dawa ndani yake. Kilichobaki kizima ni pua.

"Baba Nickson, nipikie ile bia ya kunukia," alimwambia mumewe, Eliudi, asubuhi hiyo. "Kunywa siwezi. Nitainusa."

Wawili hao walikuwa wapika pombe tangu ujana, na kijana wao Nickson, anayefanya kazi kwa watengeneza bia huko Arusha, alikuwa amewatumia paketi mbili za hopsi, yale maua makavu yanayotiwa kwenye bia. Moja ilikuwa ya hopsi za uchungu: huchemshwa tangu mwanzo, na bia yake hukaa muda mrefu bila kuharibika. Nyingine ilikuwa ya zile za kunukia: hutiwa sufuria ikishaepuliwa, na harufu yake haikawii kupotea.

Kimea kilitosha mpiko mmoja tu.

Eliudi alikuwa mtu wa kujiandaa, mmoja wa wale wanaonunua mwavuli kiangazi. Alisimama jikoni na paketi mikononi, akawaza watu watakaojaa uani. Msiba wa mpika pombe ukose pombe? Watamsema hadi Ujiji. Akiba haiozi, alijiambia, na papo hapo akajichukia. Hata hivyo alimimina zile za uchungu. Za kunukia angezitia kidogo mwishoni, mgonjwa apate cha kunusa.

Sufuria ilipoanza kutokota, Edina aliita kutoka chumbani.

"Umeshaepua?"

"Bado, Mama Nickson."

"Mbona nasikia harufu ya hopsi?"

Eliudi alikoroga kwa nguvu, kana kwamba mwiko ungemjibia.

"Hiyo ni ya kukaa," Edina alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini na nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. "Unanipikia matanga na mimi nipo."

Eliudi aliacha kukoroga.

"Basi ongeza maji," mkewe aliendelea. "Kaka zangu wa Kasulu hawanywi kidogo."

Eliudi alitupa mwiko, akairarua paketi ya pili kwa meno, akakimbilia chumbani na kumsogezea puani kiganja kilichojaa maua.

"Nusa, mke wangu. Nusa, nakuomba."

Edina alibana pumzi, akageukia ukutani.