Ruka Mpaka Uguse Chini

Kocha Nashon alipiga filimbi karibu kabisa na sikio la Phoebe, lakini Phoebe hakufumbua macho. Alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya uwanja wa kanisa, hapo Dagoretti Corner, viganja vimelala juu ya mapaja, na kichwani mwake alikuwa bado hewani. Aliupiga mpira, akashuka, akatua kwa miguu yote miwili, magoti yakikunjika taratibu. Ndipo akafumbua.

"Umelala?" kocha aliuliza.

"Hapana, kocha. Nafanya mazoezi."

Wasichana wa timu wakaangua kicheko. "Mazoezi ya kusinzia hata mimi naweza," alisema Philister, nahodha wao. "Niletewe tu mto."

Mwaka uliopita Phoebe alikuwa ameteguka kifundo cha mguu wa kushoto mara mbili, na mara zote mbili alikuwa akishuka baada ya kupiga mpira. Mara ya pili alikaa miezi miwili juu ya stuli katika duka la vitambaa la Mzee Rasiklal kule Ngara, akihudumia wateja huku mguu ukiwa juu ya kreti. Daktari alimwambia wazi kuwa akiumia tena pale pale, voliboli itakuwa kitu cha kutazama tu. Mzee Rasiklal, ambaye hakuwa na mfanyakazi mwingine anayejua bei zote kwa kichwa, alimpeleka kwa mkaza mwanawe, Sejal, anayetibu viungo katika kliniki mtaa wa pili.

Sejal alimfundisha kusimama kwa mguu mmoja na kuvuta ukanda wa mpira kwa kidole gumba cha mguu. Kisha siku moja akamwambia, "Sasa funga macho. Nionyeshe vile unapiga."

Phoebe alisimulia kwa furaha. Hatua tatu, anaruka, mkono unakuja, mpira unapasua sakafu ya wapinzani, watu wanapiga kelele.

"Halafu?"

"Halafu tunakumbatiana."

"Nani ametua?"

Phoebe alifumbua macho.

"Wewe dada," Sejal alisema huku akicheka, "ukishaona pointi unazima TV. Mguu umeuacha huko juu?"

Maneno yale yalimchoma kuliko Sejal alivyodhani. Miaka yote Phoebe alikuwa akimwomba Mungu amwinue. Hakuwahi hata mara moja kumwomba amshushe.

Kuanzia siku hiyo alijifunza kuiona picha yote, tena kwa macho yake mwenyewe, si kama mtazamaji aliye jukwaani. Alisikia saruji chini ya nyayo. Aliona wavu ukitikisika. Sejal alimwongezea matatizo: mpira umekuja nyuma ya kichwa, mwenzako amekusukuma, kiatu cha mpinzani kimepita chini ya wavu na kiko pale unapotaka kushukia. Phoebe alitua, akakosea, akarudia. Dakika tatu kila siku, pamoja na mazoezi ya mguu wenyewe.

Tatizo lilianza Philister alipomwambia kocha kwamba Phoebe anafundishwa mambo ya Wahindi.

"Hapa tunafumba macho tukiomba," Kocha Nashon alimwambia siku ya Alhamisi, mbele ya wote. "Hiyo kitu ingine hatujui imetoka wapi. Jumamosi kwenye mechi nikikuona ukiifanya, namba yako naipa Ivyne wa akiba."

"Kocha, mimi huomba kwanza. Nikisema amina, ndiyo naanza hii. Mguu ni wangu."

"Na timu ni yangu."

Ijumaa Phoebe alipiga magoti kando ya kitanda na kumuuliza Mungu bila kuzungusha maneno. Kama namkosea Bwana, alisema, anionyeshe. Ila naomba asinionyeshe kwa filimbi ya Nashon. Hakusikia sauti. Lakini aliinuka moyo ukiwa umetulia, na hilo likamtosha.

Jumamosi, huku timu ya wageni ikipasha misuli moto, alikaa kwenye benchi na kufumba macho. Hakujificha. Alipofumbua, Ivyne alikuwa tayari amesimama mahali pake.

Walishinda seti ya kwanza, wakapoteza ya pili. Katika ya tatu, ya mwisho, wageni walikuwa mbele tisa kwa tano, na Ivyne alikuwa amechoka hata kuinua mikono.

"Phoebe! Ingia!"

"Nipe dakika moja, kocha."

"Hakuna dakika!"

"Basi mwache Ivyne."

Hakuna aliyewahi kumjibu Nashon hivyo. Kocha, uso umemvimba, aliomba mapumziko kwa refa ili apate nafasi ya kumgombeza sawasawa. Alimgombeza sekunde zote thelathini. Phoebe, aliyekuwa amesimama mbele yake macho yamefumbwa, alizitumia zote kuruka na kutua. Kisha akaingia.

Mpira wa pili ulimjia juu, safi. Aliruka, akaupiga, na akiwa anashuka akakiona: kiatu chekundu cha mpinzani, kimevuka mstari, kimelala pale pale. Miguu yake haikungoja ushauri. Ilitanuka, ikatua upande huu na huu wa kile kiatu, magoti yakakunjika. Philister, aliyekuwa nyuma yake, alipiga ukelele akidhani amesikia mfupa ukivunjika. Phoebe alikuwa amesimama.

Hata hivyo walipoteza, kumi na tano kwa kumi na tatu.

"Tumeshindwa kwa sababu ya kiburi chako," Kocha Nashon alisema. "Nirudishie jezi."

Phoebe aliivua, ndani akiwa na fulana yake ya kazi ya dukani, akaikunja vizuri na kumpa kwa mikono miwili.

"Jumanne saa kumi na moja nitakuwa hapa," alisema. "Nitaomba, halafu nitafumba macho tena. Ukitaka kunipa jezi, utanipata. Usipotaka, bado utanipata."

Aliokota mkoba wake akaelekea langoni. Hakuchechemea. Alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Philister, goti moja limefungwa bendeji iliyochakaa.

"Ngoja, wewe. Ile kiatu uliiona saa ngapi?"

"Jumatatu," Phoebe alisema. "Na Jumanne. Na jana, kama mara kumi hivi."

Philister alitazama nyuma. Kocha alikuwa amesimama katikati ya uwanja, jezi mkononi, akiwaangalia wote wawili. Philister akamgeukia Phoebe.

"Inafanywa aje?"

"Kaa chini kwanza."

Philister akaketi juu ya ukuta mfupi wa kanisa, kocha akiona, akafumba macho.

"Sasa ruka," Phoebe alimwambia, "na usiache kunisimulia mpaka uguse chini."