Breki ya Onyancha

Tangu dresa wa zahanati ya shamba awaeleze wafanyakazi kwamba akili ya kupima hatari inakaa mbele ya kichwa, hapa nyuma ya paji, na kwamba hiyo ndiyo breki ya mtu, Onyancha aliacha kabisa kupiga mpira kwa kichwa.

"Gari bila breki inaua," alimwambia mkewe.

"Na gari ya breki tupu, Baba Kwamboka," Yunia akajibu, "kuku hutagia ndani."

Leo alikuwa golini, chai imezunguka uwanja pande zote. Jumamosi iliyopita alifungwa manne, na kabla ya mechi nyapara alimwambia mbele ya watu wote: "Wewe ukifungwa leo hata moja, Jumatatu unatoka kwa geti, unarudi kwa kikapu." Geti la stoo analolinda lina kibanda cha mabati na jiko la makaa. Kikapu cha kuchuma chai kina mgongo wako na mvua ya mawe ya Kericho.

Walikuwa wakiongoza shamba la chini moja bila. Mchezo ukielekea kuisha, beki wao akaudaka mpira kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Penalti!

Mpigaji alikuwa Kimutai, aliyewahi kuchuma chai mstari mmoja na Onyancha kabla hajahamia shamba la chini.

Miguu ya Onyancha ilikuwa imeshaamua: kuruka kulia. Kipa akiruka akakosa, watu husema maskini, amejaribu. Akisimama tu akafungwa, watasema alikuwa anangoja basi. Moyo ulimdunda kama jenereta ya kiwanda. Akaweka kidole kwenye paji.

"Unapigia nani saluti?" Kimutai akamchokoza.

"Naongea na breki."

"Iambie ishike kikapu, Jumatatu iko karibu!"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Onyancha aliona kitu: Kimutai aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Akaifungua, akaifunga tena. Kumbe naye anaogopa!

Hapo akakumbuka siku ile nyoka alipotokea kwenye chai. Wote waliruka kando, huyu kushoto, yule kulia. Kimutai peke yake alikimbia mbele moja kwa moja, akamruka nyoka mwenyewe, akaendelea mpaka barabarani. Kimutai akiogopa, hajui kona.

Miguu ikasema ruka. Onyancha akaikatalia.

"Ruka, Baba Kwamboka!" Yunia akapiga kelele. "Ama umeota mizizi?"

Filimbi ikalia. Kimutai akafumba macho, akapiga. Mpira ukaja katikati, ukampata Onyancha barabara kwenye paji, ukarudi hadi kwenye michai. Onyancha akalala chali.

Alipofumbua macho, Yunia alikuwa akimmwagia maji.

"Unaitwa nani?"

"Kipa. Imeingia?"

"Haijaingia."

"Ulijuaje atapiga katikati?" nyapara akauliza.

"Muulize nyoka."

Kimutai akashika kiuno. "Si ni wewe siku ile uliniambia yule nyoka ni kamba!"

Jumatatu mvua ya mawe ilipotwanga mabati, Onyancha alikuwa kwenye kibanda cha geti, kando ya jiko, ana nundu kama yai la bata. Kila aliyepita na kikapu alimuuliza kama breki bado inashika.

"Inashika," alisema, akiigusa taratibu. "Imevimba tu."